Maswali ya Wasomaji: Si Kila Nyama ni Nyama

Barua sita za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na ingawa walioziandika hawajuani, zote zinauliza juu ya tishu, yaani makundi ya seli zilizokaa pamoja na kushirikiana katika kazi moja. Nimeanza na barua ya mwanafunzi, ijapokuwa haikuwa ya kwanza kufika, kwa sababu wasomaji wengine watalihitaji jibu lake ili wayaelewe majibu yao.

Shikamoo Daktari. Mwalimu wetu wa biolojia ametufundisha kwamba mwili mzima wa binadamu una aina nne tu za tishu. Nyumbani kukiwa na sherehe huchinjwa ng'ombe, nami husaidia kupasua, lakini sijawahi kuziona hizo nne. Naona vitu zaidi ya ishirini. Tena mwalimu anasema damu na mfupa ni kundi moja. Inawezekanaje? – Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Tukuyu.

Marahaba, mwanangu. Macho yako hayajakudanganya, na mwalimu wako hajakosea. Hesabu yako, kwa kweli, inakaribiana sana na ya mtu aliyeliweka somo hili katika msingi wake. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari kijana wa Kifaransa, Xavier Bichat, alipasua mamia ya maiti mjini Paris, na katika vitabu alivyovitoa mwaka 1800 na 1801 alitaja tishu 21. Hakutumia hadubini, kwa kuwa hakuziamini hadubini za wakati wake. Badala yake alizichemsha nyama alizozipasua, akazikausha, akaziloweka katika asidi na kuziacha zioze, huku akitazama ipi inalainika, ipi inakakamaa na ipi inayeyuka. Alifariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30. Njia yake si ngeni katika majiko yetu, kwa maana ukichemsha muundi wa ng'ombe utaona mnofu ukijikaza, kano nyeupe ikigeuka utelezi, na mfupa ukibaki mfupa.

Leo tunahesabu nne kwa sababu hatutazami tena rangi wala ugumu, bali tunatazama namna seli zilivyopangwa na kile kilichopo katikati yake.

Chukua ukuta wa matofali ya kuchoma, kama wa nyumba nyingi za huko kwenu: tofali limebanana na tofali, na udongo wa kuungia ni kidogo mno. Hivyo ndivyo zilivyo tishu za epithelia, ambazo huufunika mwili kwa nje na kutandaza kila uwazi wa ndani, kuanzia kinywa na koo hadi tumbo, utumbo, mapafu, kibofu na mirija ya figo. Mahali penye msuguano, kama ngozi na koo la chakula, seli hupangwa tabaka juu ya tabaka. Mahali ambapo hewa inatakiwa kupenya upesi, kama katika vifuko vya mapafu, kuna tabaka moja tu, jembamba ajabu. Ukuta huu hauna mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na tishu iliyo chini yake kupitia utando mwembamba tunaouita utando msingi, na uukumbuke utando huo, maana nitaurudia nitakapomjibu msomaji wa Mbalizi. Kwa kuwa huchakaa kila siku, ukuta wa epithelia hujengwa upya kila siku: seli zinazoutandaza utumbo mwembamba hubadilishwa kwa muda wa siku tatu hadi tano hivi, na zile za tabaka la juu la ngozi kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Sasa nakuja kwenye damu na mfupa. Kama umewahi kula bweni, unayajua maharage ya bweni: mchuzi mwingi, punje chache. Tishu unganishi zimejengwa kwa mtindo huo, yaani seli zake zimetawanyika, na kilicho kingi ni kitu kilicho katikati yake, ambacho kwa leo tukiite mchuzi. Katika damu mchuzi huo ni majimaji, nao huitwa plazima. Katika gegedu, kile kitu kigumu lakini chenye kunepa unachokishika sikioni mwako, mchuzi umeganda kama jeli ngumu. Katika kano umejaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolazwa upande mmoja kama nyuzi za kamba ya katani. Katika mfupa, mchuzi huohuo wa kolajeni umejazwa madini ya kalisi na fosfeti mpaka ukawa kama jiwe, na seli za mfupa zimebaki hai ndani ya vishimo vidogo humo humo. Zaidi ya hayo, seli za damu, mfupa, gegedu na mafuta zinatokana na ukoo mmoja wa seli katika siku za mwanzo za mimba. Ndiyo maana mwalimu wako ameziweka pamoja, na ukitaka kuamini kwamba mfupa na damu ni ndugu, pasua mfupa wa paja la ndama utazame uloto mwekundu uliomo ndani: huko ndiko damu inakotengenezwa.

Kundi la tatu ni misuli, nayo ni ya namna tatu. Mnofu wa paja hutii amri yako. Misuli ya ukuta wa utumbo na ya mishipa ya damu hufanya kazi yake bila kukuuliza. Na msuli wa moyo, wenye seli zilizoshikamana ili zipige kwa pamoja, haukujui kabisa na haupumziki. Kundi la nne ni tishu za neva, ambazo utaziona katika ubongo, uti wa mgongo na zile kamba nyeupe zinazopita katikati ya minofu. Vile vitu ishirini ulivyoviona wewe ni ogani na vipande vya ogani, na kila kimoja ni mchanganyiko. Utumbo peke yake, ukiukata kipande na kukitazama kwa hadubini, una tishu zote nne: epithelia ndani, tishu unganishi chini yake, misuli inayozunguka, na neva zinazoiendesha.

Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 68 na amelima viazi kwenye miteremko ya Makete tangu usichana wake. Magoti yanamuuma na hulia anaposimama. Majirani wanasema grisi imekwisha, na wamemshauri ale bamia na anywe supu ya kongoro kila siku. Je, ni kweli vitu hivyo vinarudisha grisi? – Binti yake, Makete.

Mfikishie mama shikamoo yangu na pole nyingi. Ushauri wa majirani nimeusikia kila mahali, na sishangai kwa nini umeenea, kwa sababu kwa macho unaonekana una mantiki: bamia lina utelezi, supu ya kongoro ina utelezi, na goti nalo lina utelezi. Kongoro limejaa kano, ngozi na gegedu, na vyote hivyo ni hazina ya kolajeni. Ikichemshwa muda mrefu, kolajeni hulegea ikawa jelatini, ile inayoifanya supu yenu igande bakulini kabla hamjaimaliza asubuhi za baridi. (Kama mmewahi kujiuliza kwa nini kongoro la nyanda za juu huchelewa kuiva kuliko la Dar es Salaam, jibu ni mwinuko: mjini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na huko Makete huchemka chini zaidi ya hapo.)

Lakini supu hiyo haiendi magotini. Utumbo huikatakata jelatini kama ukatavyo protini ya maharage au ya dagaa, ikawa vipande vidogo vya asidi amino, kisha mwili huvigawa vipande hivyo kwa jinsi uonavyo mwenyewe, bila kukumbuka kwamba vilitoka kwenye mguu wa ng'ombe. Utelezi wa bamia nao ni jamii ya wanga, ambao hata haufyonzwi kuingia katika damu. Mama akivipenda vyote viwili avile, kwa kuwa ni chakula kizuri. Asiviite dawa ya goti tu.

Na kuna jambo ambalo neno grisi linalificha. Ute wa goti haukauki kama grisi ya baiskeli. Goti linaloumwa mara nyingi huwa na ute mwingi kuliko kawaida, na ndiyo maana huvimba. Kilichopungua ni gegedu linalofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu wala halina neva. Kwa kukosa neva, huweza kulika miaka mingi pasipo kumuuma mtu, mpaka mfupa ulio chini na mfuko wa kiungo vianze kulalamika. Na kwa kukosa damu, halijengwi upya kama ngozi. Hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo, kwa kukamuliwa na kuachiwa kama sifongo kila mama apigapo hatua. Kwa hiyo kumkalisha kitini mchana kutwa ili magoti yapumzike ni kulinyima gegedu lililobaki hata hicho kidogo.

Kinachomfaa ni kuimarisha misuli ya mbele ya paja, ambayo hupunguza mtikisiko unaolifikia goti. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, aushushe, arudie mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Akiwa na uzito uliozidi, kila kilo moja itakayopungua hupunguza mzigo wa takribani kilo nne kwenye goti katika kila hatua. Mkongojo aushike kwa mkono wa upande usiouma, jambo ambalo wengi hulikosea. Na ninyi watoto chukueni zamu ya kushuka na magunia, kwa maana mteremko huliumiza goti kuliko mpando.

Nawaomba pia muangalie vidonge anavyonunua. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini ikitumiwa kwa wiki na wiki bila ushauri hudhoofisha kinga ya epithelia ya tumbo, na wazee wengi waliokuja kutibiwa goti wameishia kutibiwa vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Goti likiwa jekundu, la moto, na mama akawa na homa, hilo si la kusubiri. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nimejifungua mwezi mmoja uliopita, na baridi ya Njombe mnaijua. Mimi natetemeka usiku lakini mtoto hatetemeki hata kidogo. Mama mkwe anasema watoto wachanga hawasikii baridi. Hata hivyo tumekuwa tukiweka jiko la mkaa chumbani. Je, mtoto ana nini? – Mama mchanga, Njombe.

Hongera kwa kujifungua, lakini kabla hujaendelea kusoma, toa jiko hilo chumbani na usilirudishe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, ikiwa nyekundu na yenye kupendeza, lakini haibebi kitu cha kuwafaa. Familia nzima inaweza kulala isiamke.

Tukirudi kwa mtoto, hana tatizo, na mama mkwe, kwa heshima zote, ameona vizuri lakini akafasiri vibaya. Mtu mzima akipigwa na baridi misuli yake hujikaza na kujiachia haraka haraka, na kazi hiyo huzalisha joto. Huko ndiko kutetemeka. Mtoto mchanga hana uwezo huo wa kutetemeka vya kutosha. Amepewa badala yake tishu ya pekee iitwayo mafuta ya kahawia, iliyolala katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Mafuta meupe, yale ya kawaida, huweka akiba; haya ya kahawia huichoma akiba na kutoa joto moja kwa moja, na rangi yake inatokana na wingi wa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Kwa hiyo mtoto anaisikia baridi na anapambana nayo, ila kimya kimya.

Mapambano hayo yana gharama. Hutumia sukari na oksijeni ambazo mtoto alizihitaji kwa kukua, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana mafuta haya kidogo mno. Mpime kwa kumgusa kifua na mgongo, si mikono na miguu, ambayo huwa baridi hata akiwa salama. Kifua kikiwa baridi, mvue, mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, jifunikeni pamoja, mvike kofia, kisha mnyonyeshe. Akiwa mlegevu, hanyonyi, au hapati joto baada ya saa moja hivi, mpeleke kituo cha afya akiwa kifuani mwako hivyo hivyo.

Baba yangu alianza kupata shida kumeza ugali, na sasa hata uji unamshinda. Hospitalini walimwingiza mpira wenye kamera, wakakata vinyama kadhaa, tukaambiwa tusubiri majibu wiki mbili. Baba mdogo anasema saratani ikishaguswa na chuma husambaa, na kwamba tumeharibu. Na kwa nini kinyama kidogo hivyo kichukue wiki mbili? – Msomaji, Mbalizi.

Poleni sana. Niruhusu nianze na swali la mwisho, kwa kuwa nadhani watu wangesubiri kwa utulivu zaidi kama wangejua kinachofanyika nyuma ya mlango wa maabara.

Kinyama kikikatwa hutumbukizwa mara moja katika fomalini, ambayo husimamisha uozo na kuzikaza seli zibaki katika umbo lake. Huko hukaa saa nyingi, aghalabu usiku mzima au zaidi. Kisha maji yote hutolewa ndani yake kwa kupitishwa katika alkoholi za nguvu mbalimbali, moja baada ya nyingine, halafu katika dawa ya kuiondoa alkoholi, mpaka nafasi ya maji ichukuliwe na nta iliyoyeyushwa. Nta ikipoa, kinyama kimekuwa sehemu ya kipande kigumu kinachoweza kukatwa kwa mashine yenye wembe mkali katika vipande vyembamba vya maikromita tatu hadi tano. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo fikiria kuupasua unywele mmoja kwa urefu mara kumi na tano. Kipande hicho bado hakina rangi. Hupakwa haimatoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, ambayo hukipa kiini cha seli rangi ya buluu ya zambarau, na eosini, ambayo huvipa vilivyobaki rangi ya waridi. Ndipo mpatholojia, yaani daktari anayetambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu, anapokaa kwenye hadubini, na wapatholojia nchini kwetu ni wachache kulinganisha na vinyama vinavyowasubiri. Kama kingekuwa kipande cha mfupa mngengoja zaidi, kwa sababu mfupa huondolewa madini kwanza ndipo wembe upite.

Anachokitafuta mpatholojia nimekwisha kukidokeza kwa mwanafunzi wa Tukuyu. Koo la chakula limetandazwa epithelia ya matabaka mengi, iliyokaa juu ya utando msingi. Seli zikianza kuvurugika, zikapoteza mpangilio na kujigawa ovyo, lakini bado zimezuiliwa na utando huo, hali ni moja. Zikishautoboa utando na kuingia katika tishu unganishi iliyo chini, ambako kuna mishipa ya damu na ya limfu, hali ni nyingine kabisa, kwa sababu sasa zimepata njia ya kusafiri. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala kwa kamera, wala kwa kipimo cha damu. Huonekana kwa kukata kinyama tu, na matibabu yote yatategemea jibu hilo.

Kuhusu chuma, mwambie baba mdogo kwa upole kwamba saratani iliyosambaa ilikuwa ikisambaa kabla ya chuma kufika. Uwezekano wa kipimo chenyewe kuieneza katika sehemu kama hiyo ni mdogo mno, na dhana hiyo imeota mizizi kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, wanapimwa, kisha wanafariki, na waliobaki wanakikumbuka kisu. Saratani nyingi mno za watu wazima huanzia katika epithelia, tishu inayojigawa kila siku na inayokutana na kila tunachokila, kukinywa na kukivuta. Ile ya koo la chakula imezidi katika ukanda wetu wa mashariki na kusini mwa Afrika. Sigara na pombe ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vizuri, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Tunaokaa kwenye baridi, na chai inalimwa Rungwe na Mufindi hapo jirani, tumezoea kuinywa ikitoka jikoni. Ipoeni kidogo.

Wakati mnasubiri, msimwache baba akae na njaa. Mpeni uji mwepesi ulioongezwa maziwa, mafuta na unga wa karanga uliosagwa laini, mara nyingi kidogo kidogo. Akishindwa hata maji, msisubiri siku ya majibu, mrudisheni hospitalini.

Mimi ni fundi mbao hapa Mafinga. Miezi mitatu iliyopita msumeno ulinikata kiganjani, chini kidogo ya kidole cha shahada, nikashonwa mshipa. Ngozi ilipona ndani ya wiki mbili. Lakini kidole kinakunja kwa shida, na ncha yake imekufa ganzi mpaka leo. Je, walinishona vibaya? – Fundi, Mafinga.

Pole, fundi. Barua yako ina neno moja linalonisumbua, nalo ni mshipa. Kiswahili chetu cha kila siku huuita mshipa ule unaopitisha damu, huiita mshipa kano inayovuta kidole, huiita mshipa neva inayoleta hisia, na wapo wanaoiita mshipa hata ngiri. Hivyo ni vitu vya tishu tofauti, vyenye mwendo tofauti wa kupona, na mtu aliyeambiwa ameshonwa mshipa hawezi kujua asubiri nini. Tafuta kile cheti ulichopewa ulipotoka wodini, umwombe mganga wa kituo kilicho karibu akusomee kilichoshonwa hasa. Kwa maelezo yako nahisi vilikuwa viwili: kano na neva.

Ngozi ilipona upesi kwa sababu ulizozisoma hapo juu. Kano ni tishu unganishi yenye damu chache, nayo hupona kwa uvivu: katika wiki sita za mwanzo inaweza kukatika tena kwa kuvutwa kidogo tu, na kazi ya nguvu hairuhusiwi mpaka zipite wiki 12 hivi. Tatizo lake la pili ni kwamba kovu haliishii kwenye kano; hunata pia kwenye ala ambamo kano huteleza, kama kamba iliyogandia ndani ya mpira. Ugumu unaouelezea huenda ndio huo. Muda wa kukikunja na kukinyoosha kidole kwa juhudi umefika, na ukipata mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha namna ya kukifanyia kazi kila kifundo peke yake. Kovu la nje lisugue kwa mafuta dakika tano, mara tatu kwa siku.

Neva ina habari yake. Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alionyesha, kwa kukata neva za ulimi wa chura, kwamba sehemu ya neva iliyotenganishwa na seli yake hufa na kuoza. Kinachobaki ni ala yake, iliyo tupu kama bomba. Nyuzi mpya huota kutoka upande ulio hai, huingia ndani ya bomba hilo na kutambaa kwa mwendo wa takribani milimita moja kwa siku. Pima kwa rula kutoka kwenye kovu lako hadi ncha ya kidole: ukipata sentimita kumi, hizo ni siku 100, na uongeze wiki tatu au nne ambazo neva hukaa kabla ya kuanza safari. Kwa hesabu hiyo hujachelewa, na mimi nisingewalaumu waliokushona.

Unaweza kuifuatilia mwenyewe. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kingine, ukianzia kwenye ncha ya kidole kilichoumia na kushuka kuelekea kovu. Mahali pa kwanza utakaposikia kitu kama umeme mdogo ukikimbilia mbele, hapo ndipo nyuzi zilipofika. Weka alama kwa kalamu, urudie baada ya mwezi. Alama ikisogea, neva inatembea. Ikigoma kusogea miezi miwili mfululizo, rudi kwa daktari wa upasuaji uombe aitazame neva, bila ugomvi, maana wakati mwingine kovu huziba njia na yeye anaweza kuifungua. Hisia zikirudi hazitakuwa kamili kama za zamani, na mwanzoni zitakuja kama michomo. Kwa sasa ncha hiyo haijui moto. Usishike kikombe cha chai wala sufuria kwa kidole hicho, na usikitangulize kwenye msumeno.

Nywele na kucha ni tishu gani, na kwa nini haziumi tukizikata? – Mwanafunzi wa darasa la sita, Iringa.

Ni mazao ya epithelia ya ngozi, mwanangu. Seli zake huzaliwa zikiwa hai chini ya ngozi, kwenye shina la unywele na nyuma ya kucha, kisha hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa, na kusukumwa nje na zile zinazozaliwa nyuma yake: unywele kwa sentimita moja hivi kwa mwezi, kucha ya mkono kwa milimita tatu hivi. Unapokata unakata kilichokwisha kufa. Unapong'oa unagusa shina, ambako kuna neva, na ndipo unapolia. Kwato za ng'ombe ni keratini hiyo hiyo, nayo si kolajeni. Ndiyo maana mpishi wa supu huzivua na kuzitupa kabla hajalitia kongoro sufuriani, kwa kuwa angezichemsha kutwa nzima zisigeuke supu.